Divai Aliyoiona Mama Furaha

Rumonge, siku ya pili baada ya mvua ya kwanza

Mama yangu mpenzi, Mama Riziki,

Nisamehe, Mama. Kiangazi chote kimepita sijakuandikia hata mstari mmoja. Sitasema nilikosa kalamu. Kalamu ilikuwepo na karatasi ilikuwepo, nguvu ndizo sikuwa nazo. Na kiangazi cha mwaka huu moshi na vumbi vilifunika ziwa lote, milima ya kwetu ikapotea. Kila jioni natazama ng'ambo naona weupe mtupu, kama vile hakuna mji wa Baraka, hakuna nyumba yetu, hakuna mtu. Nikishika kalamu nasikia kama naandikia mahali ambapo hapapo. Halafu juzi mvua ikanyesha, na jana asubuhi nilipofungua mlango wa jikoni milima ilikuwa imesimama pale pale, hata mikunjo yake niliiona. Nikasema basi, sasa naandika, hata wageni wakiita mara kumi.

Hamjambo huko? Mgongo wako unaendeleaje? Ule ubavu uliokuwa unakuchoma ukiinama kuosha vyombo, umepoa? Kaka Bahati na shemeji ni wazima? Na Sifa wangu, analala vizuri? Lile pengo la mbele limeshaota jino? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa miguu inavimba jioni, na usingizi naupata vipande vipande.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ni ya Kaka Bahati, na Kaka Bahati akishika simu lazima afungulie sauti, uwanja mzima usikilize. Mara ile ya mwisho mlipompa Sifa aongee, aliuliza, "Ni mama gani?" Watu wote wakacheka. Na mimi nilicheka, Mama, ili mnisikie kwamba nimecheka. Kisha nikaenda kuanua mashuka, nikakaa huko kwenye kamba mpaka Da Zaituni akaja kunitafuta.

Na ni kwa simu hiyo hiyo, watu wote wakisikia, uliponiambia kwamba Sifa hatakwenda kuishi katika nyumba ya walevi. Kwamba Mama Furaha, katika safari zake za kununua mawese huku, ameniona kwa macho yake, glasi ya divai mkononi, ninacheka na wazungu. Nilijibu tu, "Nimesikia, Mama." Nisingeweza kusema zaidi na majirani wote wako sikioni mwako. Sasa nataka nikueleze yote, pole pole, toka mwanzo, halafu tuongee habari ya Sifa.

Nyumba ninayofanyia kazi unaijua kwa maneno tu. Iko kando ya ziwa, nje kidogo ya Rumonge, kwenye barabara ya kwenda Magara. Ina vyumba vya wageni, baraza pana linalotazama maji, jiko kwa nyuma, na nyuma ya jiko kachumba kangu. Mwenye nyumba ni mama mmoja Murundi, Mkatoliki, sisi tunamwita patronne. Mpishi ni Da Zaituni, Mwislamu wa hapa hapa mjini, mtu mzima, ulimi wake mkali kuliko pilipili yake. Mimi nafua, natandika vitanda, napeleka chakula mezani.

Wageni wanatoka Bujumbura mwisho wa juma. Mama, watu hawa wanakuja kuchoka kwa makusudi. Wanapanda mlima bila mzigo kichwani, hawaendi shamba, hawaendi kilioni, wanapanda tu wakifika juu wanashuka. Wengine wanapiga kasia kutwa nzima na hawarudi na samaki. Jioni wanafika hapa hawawezi hata kuvua viatu, lakini wana furaha kama watu waliotoka arusini. Na jambo la kwanza wanalouliza ni divai.

Sasa sikiliza namna nilivyoingia katika habari ya divai. Siku niliyokuja kuomba kazi, patronne alikuwa na haraka, funguo mkononi. Akaniuliza:

"Wewe Mukongomani, divai unaijua?"

"Naijua, patronne. Nimeigawa miaka na miaka."

"Uliigawa wapi?"

"Kanisani."

"Ah, basi iko bien. Kama ni ya kanisani, iko divai ya kweli. Utaanza kesho."

Hapo ndipo tulipokoseana, na hakuna aliyedanganya. Kwao Wakatoliki divai ya misa ni divai. Mimi niliyoijua ni ile yetu, unayoipika wewe na akina mama wa kanisa kila Jumamosi: maua makavu mekundu ya ngaingai, maji, sukari, unaipoza, unaichuja kwa kitambaa cheupe, na Jumapili mchungaji anaiita divai na sisi sote tunaiita divai. Kasiksi ya ndizi niliijua. Lotoko niliijua, maana tuliwaona wanaoinywa wakilala mtaroni. Lakini divai nilidhani ni hiyo hiyo tu, ya wazungu ikiwa imefungwa kwenye chupa.

Jioni ya kwanza walirudi wageni waliokuwa ziwani tangu asubuhi, ngozi nyekundu kama nyanya. Patronne akanipa chupa ameshaizibua, akaniambia, "Peleka. Mbele ya kumwaga, onjesha kwanza." Mimi niliposikia habari ya kuonja, nikaelewa kabisa. Si kwetu pia ni hivyo? Anayempa mgeni kinywaji anaonja yeye kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Warundi nao wanayo, wanaita gusogongera. Nikafurahi kusikia kwamba hata wazungu wana adabu hiyo. Nikafika mezani, nikamimina kidogo kwenye glasi ya mzee wao, nikaiinua, nikanywa, nikasema, "Karibuni."

Mama! Ulimi wangu ulikuwa unangoja ngaingai. Kilichofika ni kitu kichachu kisicho na sukari hata chembe, mdomo wote ukakauka kama nimetafuna ndizi mbichi na ganda lake. Uso wangu sijui ulikuwaje. Nikageuka nikamwona patronne mlangoni, mikono kichwani. Yule mzee, mzungu wa ndevu nyeupe anayejua Kiswahili kidogo, akaniuliza taratibu:

"Mama, iko mubaya?"

Nikamwambia ukweli. "Papa, sumu haina. Lakini sukari walisahau."

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kusimama. Patronne yeye hakucheka. Aliniburuta mpaka jikoni. "Nilisema onjesha! Onjesha! Yeye ndiye anaonja, si wewe!" Da Zaituni, bila kuinua kichwa kwenye samaki wake, akasema, "Basi amalize na chupa, si ameshaanza." Kisha akaongeza, "Mimi sinywi, huyu kanisa lake limemkataza, na wewe patronne unakunywa bia tu. Sasa hii ni nyumba gani ya divai?"

Nilijua kazi imekwisha. Lakini kesho yake jioni mzee yule akaita, "Iko wapi ile mama inaonja?" Hakutaka nimimine kabla sijaonja mwenyewe na kumwambia ikoje. Akaenda kuwasimulia wenzake Bujumbura, na wao wakaja wakitafuta nyumba yenye mama anayeonja kwanza na kusema kweli. Patronne akaona wageni wanaongezeka, akaniacha. Basi ikawa ndiyo desturi ya nyumba hii, na ndiyo kazi yangu.

Mzee huyo huyo ndiye aliyenifundisha kutema. Anasema huko kwao wale wanaoijua divai sana wanaionja na kuitema ndani ya ndoo, mbele za watu. Nilidhani ananitania. Kutema mbele ya mgeni! Siku za mwanzo niliona aibu, nikawa nameza kile kidogo. Sikulewa, lakini nilimeza, nakuambia kama ilivyokuwa. Sasa nina kikopo changu cha bati nyuma ya nguzo ya baraza. Naonja, nageuka, natema, nasuuza kwa maji. Wageni wamezoea.

Na kwa kuwa naonja, wananiuliza pia, "Mama Sifa, leo tunywe gani?" Majina ya kwenye chupa mimi siyajui, mengi hata kuyatamka siwezi. Ninachoangalia ni miguu yao wanapopanda ngazi ya baraza.

Mwanzoni nilikosea. Vijana waliotoka ziwani, jua limewapiga kutwa, niliwapa nyekundu nzito kwa sababu chupa yake ilinipendeza. Kabla samaki hajafika mmoja wao alikuwa amelaza kichwa mezani. Da Zaituni akanisema: "Mutu ametoka juani kama ndagala ya kuanika, wewe unamuongezea moto?" Tangu siku ile, maji kwanza. Kila mtu anakunywa maji mpaka aseme basi, ndipo tunaongea mambo ya divai.

Mguu wenye mchanga umetoka ziwani. Huyo nampa nyeupe, baridi kabisa, na samaki mukeke wa kuchoma. Umeme ukikatika na frigo ikanyamaza, nazifunga chupa kwenye gunia nililolilowesha, naziweka kivulini penye upepo, zinapoa taratibu kama mtungi wako wa maji. Mguu wenye udongo mwekundu umetoka Vyanda, kule vilimani wanakotafuta sokwe. Wakati wa mvua huyo anafika anatetemeka, mwili umepoa mpaka ndani, naye namtolea nyekundu isiyopita kwenye frigo, pamoja na mishikaki ya mbuzi na ndizi za kukaanga. Mguu wenye majani yaliyoshikana na soksi ni wa msitu wa Kigwena. Hao hawakuchoka sana, wanasimulia nyani tu, nao nawapa ile ya rangi ya waridi. Mimi naisikia kama maji uliyosuuzia sufuria ya jamu, na nawaambia hivyo hivyo, nao wanaipenda.

Kuna na mguu usio na kitu. Huyo ni yule aliyebaki chumbani wenzake walipoondoka. Huyo simpi chochote mpaka ale, na namwekea kiti upande wa ziwa.

Wakishaanza kunywa hawanihitaji tena. Wanasimuliana nani aliteleza, nani alidhani gogo ni kiboko. Kila mtu ana wa kumwambia. Mimi nasimama kando na trei yangu, natazama ng'ambo. Mama Sifa, lete barafu. Mama Sifa, shuka halitoshi. Mama Sifa, asubuhi tuamshe. Kutwa nzima jina la mtoto wangu liko midomoni mwa watu, na hapa hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

Sasa siku ya Mama Furaha.

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Kulikuwa na bwana mmoja Murundi wa Bujumbura, mke wake mzungu, na binti yao, umri ule ule wa Sifa. Walikuwa wametoka Vyanda, vumbi jekundu mpaka magotini, mtoto amebebwa mgongoni na baba yake. Udongo ulikuwa wa Vyanda, lakini mvua haikuwepo, walikuwa wamekaushwa na jua, kwa hiyo sikufuata miguu peke yake. Niliwachagulia nyekundu nyepesi, nikaipoza kidogo kwenye gunia. Nikaonja, nikatema, nikawaambia, "Hii haipigani na mtu." Bwana akacheka, akamtafsiria mke wake.

Mtoto akaamka. "Na mie nataka divai."

"Divai iko ya wakubwa," baba yake akamwambia.

"Na mie nimepanda mulima!"

"Umepanda mgongo wangu."

Akaanza kununa, mdomo kama Sifa akinyimwa kisamvu cha sufuriani. Nikamwambia, "Ngoja, yako iko jikoni." Maana nilikuwa nimechemsha ngaingai yangu mwenyewe, ya sokoni hapa, naipika Jumapili nikiwakumbuka. Nikamwekea kwenye glasi ndefu kama ya baba yake. Akaikataa. "Onja kwanza, kama ya papa." Nikaonja. Akanitazama vizuri, akauliza:

"Wewe ni Mama Sifa. Sifa iko wapi?"

"Iko ng'ambo, kwa bibi yake." Nikamwonyesha kwa kidole.

Akaangalia huko muda mrefu. "Pale hakuna kitu."

"Kipo. Vumbi limefunika."

"Anajua kuogelea? Aogelee aje."

Wazazi wake wakacheka, nami nikacheka, glasi ya ngaingai bado mkononi, nyekundu kama divai yoyote. Ndipo Mama Furaha akapita nje ya ua na madumu yake ya mawese. Nilimwona. Nilimpungia mkono. Akageuza uso, akapita.

Basi unaona, Mama. Ningeweza kuishia hapo. Glasi aliyoiona haikuwa na divai, na wewe ungemwita, ungemgombeza, mambo yakaisha. Lakini sitaki unipe Sifa kwa ajili ya glasi ile moja, halafu kesho apite mwingine aone nyingine ambayo ni divai kweli, uje umchukue tena. Hii ni kazi yangu. Ninaonja divai, ninatema, ninawachagulia watu waliochoka. Mchungaji wa hapa nimemwambia mwenyewe. Aliniuliza kama ninalewa. Nikasema hapana. Akasema basi nisikose ibada, na sikosi, ingawa nyimbo wanaimba kwa Kirundi na mimi nashika kiitikio tu.

Leo asubuhi Mama Furaha amekuja tena kuchukua mawese. Safari hii nilimfuata sokoni, nikamshika mkono mbele ya wateja, asiweze kukataa, nikamleta mpaka jikoni.

"Karibu, Mama Furaha, kaa."

"Sikai sana. Boti inaondoka kesho na mapema, sijapanga mizigo."

Da Zaituni akamsogezea kiti. "Kaa mama. Hapa hatuli watu."

Nikatoa ngaingai. Nikamimina kidogo, nikaonja mbele yake, nikajaza, nikampa kwa mikono miwili. Alikuwa na kiu, akainywa yote, akapangusa mdomo.

"Sukari iko kidogo," akasema.

"Mama Furaha, siku ile uliniona nafanya nini?"

"Ulikuwa unakunywa divai."

"Na sasa hivi nimefanya nini?"

Akaitazama glasi. "Umeonja. Ni heshima, ndivyo tunafanya."

"Siku ile ilikuwa hii hii uliyokunywa."

"Hapana, mutoto wangu. Mimi sijazeeka macho. Ilikuwa divai."

"Ilikuwa ngaingai ya mtoto wa wageni. Lakini siku zingine ni divai, sikufichi. Ninaonja vile vile, halafu natema."

Kisha akasema, "Mimi kwa mama yako nilisema nilichoona. Sikuongeza."

"Ulisema ninacheka."

"Ulikuwa unacheka."

"Mtoto wa watu alikuwa ameniuliza Sifa iko wapi."

Aliizungusha ile glasi tupu mkononi, akaangalia chini. Unajua naye alivyowaacha wanawe kwa dada yake miaka ile ya kukimbia vita. Mwishowe akasema, "Andika barua. Nitapeleka." Kisha, ili asionekane ameshindwa: "Lakini wakiniuliza, nitasema niliona glasi."

"Sema," nikamwambia. "Sema na ile uliyoimaliza wewe."

Da Zaituni alicheka mpaka mafuta yakaungua.

Kwa hiyo barua hii unaipokea mkononi mwake. Nimeifunga kwa gundi pande zote. Ukikuta imefunguka, mwulize yeye kwanza, kisha usome.

Sasa Sifa. Mama, nimepata nafasi yake shuleni, aanze muhula unaofuata Noeli. Saa zangu za kazi atakuwa jikoni kwa Da Zaituni, na mlango wa Da Zaituni hata kizibo cha divai hakipiti. Alishawahi kumfukuza patronne na ndoo nzima ya barafu kwa sababu ilikuwa na chupa ndani. Chumba ni kidogo, kitanda ni kimoja, lakini kavu. Siku za Noeli nimeomba ruhusa. Nitavuka mimi mwenyewe kuja kumchukua. Sifa anakuja kuishi na mimi. Nakuambia kwa heshima yote, nimepiga magoti hapa ninapoandika, lakini sitalibadilisha neno hilo.

Najua umemlea vizuri. Najua anakuwashia moto, anakutungia uzi kwenye sindano, na usiku anakupa joto mgongoni. Baba yake tangu aende machimboni hajatuma neno, na bila wewe sijui tungekuwa wapi. Sikusahau. Lakini wewe nawe, kila asubuhi jirani anapita anakuita Mama Riziki, Mama Riziki, na Riziki hayupo. Unajua jina hilo linavyoingia sikioni. Tena wewe uso wangu unao wote, tangu nikiwa mchanga mpaka nilipopanda boti. Mimi uso wa Sifa nilio nao ni wa miaka minne, na sasa ana sita. Nikimwona barabarani leo, naogopa nisije nikamsalimia kama mtoto wa watu.

Na kama kumwachia kunakushinda, njoo naye. Sisemi kwa mdomo tu. Tulishawahi kulala watatu kitanda kimoja. Utakaa barazani asubuhi kabla wageni hawajaamka, na mvua ikinyesha utaiona milima ya kwenu kutoka upande huu. Ni mizuri, Mama. Ukiwa umekaa chini yake hujui.

Nisalimie Kaka Bahati, mwambie afunge sauti ya simu nikipiga. Nisalimie shemeji, na hongera kwa tumbo, nimesikia. Msalimie shangazi mshonaji, mwambie gauni alilonishonea ndilo navaa Jumapili. Msalimie mchungaji wetu, na akina mama wote mnaochuja divai Jumamosi, waambie huku nimeonja nyingi na ya kwao bado sijaipata. Mbusu Sifa kwenye paji. Akiuliza ni busu la mama gani, mwambie.

Mungu akulinde, Mama, na mgongo wako.

Ni mimi mwanao uliyenizaa, Riziki, ambaye watu wa huku wanamjua kama Mama Sifa.

Vitu ninavyohitaji ni hivi, mpe Mama Furaha safari yake ijayo:

Hati ya kuzaliwa ya Sifa, ile yenye muhuri. Usiikunje katikati, muhuri utapasuka.

Kadi yake ya chanjo.

Maua makavu ya ngaingai, ya shambani kwako, ya sokoni hapa hayana rangi. Ujaze ule mfuko wa unga. Patronne anataka tuyapikie watoto wa wageni na wasiokunywa.

Kitambaa cheupe cha kuchujia, kilichokwisha kutumika, kipya kinatoa nyuzi.

Kitenge anacholalia usikitume, akae nacho mpaka tuje nacho.

Na kipimo cha mguu wake, nimnunulie viatu vya shule kabla sijavuka. Weka karatasi chini, asimame juu yake bila kuegemea, uchore kwa penseli ukizunguka vidole vyote. Ufanye jioni, akitoka tu kucheza, kabla hujamwosha. Udongo ukibaki kwenye karatasi, usiupanguse.